Mtoto wa Mama wa Kijivu

Tulikuwa tumetoka kumzika Mzee Mutiso, udongo bado uko kwenye viatu, na sahani za wali hazijafika hata nusu ya hema, wakati mtu mmoja nyuma yangu aliposema kwa sauti, "Lakini jamani, yule Mama wa Kijivu aliingiaje langoni bila mtoto wake?" Haki ya Mungu nilijimwagia chai. Miaka arobaini imepita! Watu wenye dawa za presha mifukoni, watu waliofika hapo nyumbani kwa marehemu, Njiru, wakishikwa mikono na wajukuu, wote wakageuza viti kwa mkupuo. "Mtoto alikuwa mle ndani akimngoja," akasema mmoja. "Ndani gani? Mtoto ni yule msichana wa ngoma, alibaki nje analia!" "Kumbe wewe hujaacha upuzi wako wa ngoma?" Mjane wa marehemu akaweka leso yake chini, akasema mume wake amekufa akiamini mtoto ni yule askari wa mkono ulioungua, na leo hataki kusikia mtu akimpinga. Tulicheka mpaka pasta akageuka kututazama.

Wajukuu wakauliza huyo mama ni nani, alikuwa jirani? Ikabidi waelezwe kwamba tunazungumza habari ya mchezo wa televisheni, mchezo wa kigeni wa miujiza ulioonyeshwa tulipokuwa vijana mtaani Jericho, ambao sisi tuliuita Lango tu, na ambao mwisho wake uligawanya mtaa mzima. Hapo kijana wa Kyalo akasimama, meno yote nje, akasema ameutafuta mchezo huo kwenye mtandao kwa ajili ya baba yake, ameupata wote, na tukimaliza kula atatuwekea kwenye televisheni ya sebuleni. Vigelegele! Mwanamke mmoja aliinua fimbo yake juu akacheza akiwa ameketi. Wote walishangilia isipokuwa mimi. Maana huyo mtoto wanayemgombania, mimi Wairimu ndiye niliyemzaa, kwa mdomo huu huu, na ndani ya mchezo wenyewe hayumo. Mtu pekee aliyewahi kusema hivyo hadharani ni Kyalo, nami nilimfanya achekwe na ukumbi mzima. Alikuwa ameketi upande wa pili wa hema, mvi tupu, fimbo katikati ya magoti, ananitazama.

Habari za baba na mama naziruka, hapa hazina kazi. Nianzie kwenye ukumbi wa mtaa, kwa sababu mwaka ule ukumbi ndio ulikuwa maisha yangu. Ulinukia dawa ya sakafu, na jasho la mabondia waliofanya mazoezi mchana. Televisheni ilikaa juu kabisa ukutani, ndani ya sanduku la mbao lenye milango miwili na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Mzee Mutiso kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa ukumbi, na hakuna waziri aliyejiona mkubwa kama yeye Jumamosi saa moja jioni, akipanda kiti taratibu kulifungua lile sanduku, huku watu wakimpigia makofi kila akiinua goti. Akina mama walikaa mbele na watoto mapajani, wanaume wakaegemea ukuta, sisi vijana tukakwea madirishani. Mama Nduku alikuwa anauza mandazi mlangoni, na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, na muziki wa mwanzo ukilia tu, anabeba beseni lake na kuja nalo mpaka benchi la kwanza, katikati, pahali ambapo hakuna aliyethubutu kukaa. Zamani alipika katika nyumba za wazungu ng'ambo ile ya mji, halafu akachoka nao, akaja kujiuzia vyake. Alikuwa na kicheko kikubwa cha kutikisa benchi zima, na alikuwa na kawaida ya kucheka mapema, mzaha haujafika. Mimi nilidhani ni ucheshi wake tu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalipotoka, Kiingereza kilikuwa kimenikataa katakata. Nilikuwa na mdomo, ee, tangu utotoni walisema huyu msichana angeuza maji mtoni, lakini karatasi haisikilizi mdomo. Mtaani nilisema matokeo ni mazuri, nangoja barua. Kila asubuhi nilijifanya naenda posta kuitazama hiyo barua. Basi Jumamosi moja, Lango ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mama mmoja akauliza, "Huyo anasema nini?" nami nikiwa dirishani nikajibu, kwa mbwembwe, na sauti ya mtu mwenyewe. Watu wakacheka. Akauliza tena, nikajibu tena. Mzee Mutiso akageuka akasema, "Wewe, shuka huko. Simama kwenye benchi hapa mbele, utuambie sote." Kuanzia siku ile nilikuwa mkalimani wa ukumbi. Wacha nikwambie, nilikuwa sipiti sokoni bila kuitwa. "Mkalimani, niaje!" vijana wananipigia saluti. Mama Nduku ananipa mandazi mawili ya moto kila Jumamosi, bila mimi kuomba. Msichana aliyekuwa amefeli akawa mtu.

Sasa ukweli wa kazi yenyewe: nilikuwa naelewa kama nusu. Wakizungumza polepole, sawa. Wakiharakisha, natazama macho yao, natazama mikono, halafu nawatazama watu wangu mbele. Mara nyingi nilimtazama Mama Nduku. Akicheka, nasema neno la kuchekesha. Akinyamaza na kushika kidevu, nasema la kuhuzunisha. Na mambo yalikwenda! Hadithi ilikuwa hivi: kulikuwa na mji wa mawe, wenye mfalme wake, na askari mmoja wa mkono ulioungua, na msichana mmoja mpiga ngoma, na nyuma ya mji kulikuwa na lango moja kubwa lililofungwa, na hakuna aliyejua nani alilifunga wala kuna nini ng'ambo. Na kila mwisho wa onyesho, kabla majina hayajapita, alitokea mwanamke amesimama kando ya kisima, amejitanda shuka refu la kijivu, hasemi kitu. Wiki sita hasemi kitu! Mtaani watu walikuwa wanakosa usingizi. Halafu Jumamosi ya saba akafungua mdomo. Alisema maneno mengi, ya Kiingereza cha zamani, ya haraka, na mimi nikashika matatu tu: lango, baridi, yangu. Akamaliza. Watoto wenyewe wametulia. Macho yote kwangu, na nikamwona Mama Nduku ameshika kidevu. Ningesema sijaelewa, mwisho wangu ungekuwa pale pale juu ya benchi. Nikavuta pumzi nikasema, "Anasema: nilimwacha mtoto wangu upande ule wa lango, wakati wa baridi, na sitakufa kabla sijamwona."

Woi! Ule mguno uliotoka kwa akina mama, mpaka leo nikiukumbuka nywele zinasimama. Nakiri nilifurahi. Niliogopa kidogo, lakini nilifurahi zaidi.

Kesho yake mtaa ulikuwa moto. Nani mtoto? Fundi cherehani aliapa ni msichana wa ngoma, kwa sababu masikio yao yanafanana, na wateja wa upande mwingine wakahamisha vitambaa vyao. Kwenye foleni ya bomba la maji nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Askari ndiye. Mama hawezi kuacha mtoto wa kike akaenda." "Ati hawezi? Wewe hujaishi." Kwenye mazoezi ya kwaya sauti ya tatu walikataa kusimama karibu na sauti ya nne. Mzee Mutiso mwenyewe, mtu wa askari, alikuwa anazima taa ya ukumbi usoni mwa watu wa ngoma wakiwa bado wanatafuta viatu. Na kila Jumamosi nilikuwa nalisha ule moto. Askari akikohoa, namwongezea neno moja: "Simjui mama yangu." Msichana akipiga ngoma, naongeza, "Kuna mtu alinipigia hivi nikiwa mdogo." Sikuwa na upande, niliwapa wote. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na mtaa mzima ulikuwa unakula mkononi mwangu.

Halafu Kyalo akarudi. Alikuwa kijana wa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikwenda shule ya bweni, sasa amepata kazi ya ukarani mjini na tai moja ya bluu. Jumamosi ya kwanza alikaa nyuma kabisa, amekunja mikono. Nikaanza kutafsiri, na nikamwona anakunja uso. Nikaongeza neno la askari, akainua kichwa akanitazama moja kwa moja. Lakini hakusema kitu. Jumamosi ya pili vile vile. Ya tatu, tukitoka, akanisogelea mlangoni akasema kwa upole, "Wairimu, yule mtoto umemtoa wapi?" Nikamjibu kwa ukali wa mwizi, "Kama masikio yako yamejaa, nenda hospitali." Akacheka kidogo, akanunua mandazi kwa Mama Nduku, akaenda zake. Wiki ile sikuweza kula vizuri. Angesema neno moja tu sokoni, watu wangeuliza kuhusu Kiingereza changu, wangeuliza kuhusu barua, na mimi ningerudi kuwa yule aliyefeli.

Siku ya mwisho wa Lango watu walijaa mpaka nje, wengine wamebebana mabegani. Mji wa mawe uliungua, mfalme akakimbia, na lango likafunguka lenyewe, polepole, na mwanga ukatoka. Mama wa Kijivu akatoka kisimani akalielekea. Ukumbi mzima ulisimama. "Mtoto! Mtoto! Geuka, mama!" wanapiga kelele, watu wazima, wengine wamevua kofia. Akapita karibu na msichana wa ngoma, hakumtazama. Akapita karibu na askari, hakumtazama. Akaingia peke yake. Lango likajifunga. Majina yakapita. Basi! Jamani, hata timu ya mtaa ilipofungwa nyumbani sikusikia kelele kama zile. Stesheni imekata! Hapana, mtoto alikuwa mle ndani! Hapana, amemkana! Mwanaume mmoja alikaa sakafuni akashika kichwa. Na mimi nikashuka benchi upesi, kwa sababu nilijua kwamba ni sisi tu, duniani kote, tuliokuwa tunamtafuta mtoto katika mwisho ule.

Mzee Mutiso alikuwa mtu wa utaratibu. Akatangaza baraza, Jumapili baada ya kanisa, hapo hapo ukumbini, ajenda moja: mwisho wa Lango. Watu walikuja na nguo za ibada, Biblia mkononi, sufuria za chakula zimefunikwa kwa magazeti. Tulifungua kwa maombi, nasema kweli, pasta msaidizi aliomba Mungu atupe hekima juu ya Mama wa Kijivu. Mzee akafungua daftari la mikutano ya ukumbi, lile lile la kuandikia mabomba yaliyopasuka, akaandika waliohudhuria. Anayetaka kusema anainua mkono, dakika tatu, hakuna matusi. Fundi cherehani alileta mchoro wa masikio. Bibi mmoja akasema kwa uchungu kwamba mama yule ameingia peke yake kwa sababu mtoto alikufa zamani na yeye tu ndiye ambaye hakuambiwa, na wanawake wawili wakatoka nje kufuta macho. Nilikuwa nimeketi kando ya Mzee kama shahidi mkuu. Ndipo Kyalo akainua mkono.

"Mwenyekiti," akasema, na tai yake ya bluu, "nawaheshimu wazazi wangu wote hapa. Lakini katika mchezo ule hakuna mtoto. Mimi ile siku ya saba sikuwepo hapa, niliutazama kwa mjomba wangu. Yule mama alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga lango wakati wa baridi, na ufunguo ni wake. Ndiyo maana mwishoni likafunguka, naye akaingia. Mwisho hauna fumbo lolote." Mzee Mutiso akavua miwani akauliza, "Kuna mtu mwingine hapa anayejua Kiingereza cha kutosha atuamulie?" Akangoja. Hakuna aliyejitokeza. Akanigeukia. "Wairimu binti yangu, wewe ndiwe uliyekuwa juu ya benchi. Ulimsikia akitaja mtoto, ama hukusikia?"

Nimesimama katika mahakama nyingi tangu siku ile, sijawahi kuona swali zito kama lile. Nilimwangalia Kyalo. Hakuwa ananidharau, hata kidogo. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayejua kwamba utasema kweli. Nikasema, "Nilisikia, mzee. Kwa masikio yangu mawili." Ukumbi ukalipuka. "Huyo amesoma mpaka akapoteza kusikia!" "Tai imemkaba!" Mzee akaomba kura kwa kunyoosha mikono, na mtoto akapita. Mama Nduku alinyoosha mkono wake, wa kwanza kabisa, unga bado kwenye kiwiko. Daftarini iliandikwa: Mtoto yupo. Waliokubali: ukumbi wote. Waliokataa: mmoja.

Kyalo hakurudi tena ukumbini. Watoto walimwimbia barabarani wimbo wa tai na masikio mpaka akahama mtaa. Kabla hajahama nilikutana naye bombani asubuhi, mimi na ndoo yangu, sina pa kukimbilia. Akanisaidia kujitwika ndoo kichwani, mshenzi yule, mpaka adabu alikuwa nayo. Akasema, "Wairimu, kusema unajua. Sasa jifunze kusikia." Nililia njia nzima, maji yakimwagika pamoja na machozi. Wiki ile ile nilikwenda kujiandikisha kurudia mtihani wa Kiingereza, na nilisoma kwa hasira, kama ninayelipiza kisasi. Nikapita. Nikaajiriwa mahakamani kuwa mkalimani, na kwa miaka thelathini sikuwahi kuongeza neno moja la mtu wala kupunguza. Mawakili walikuwa wanasema Wairimu ni nyundo. Hawakujua ni deni la nani ninalolipa.

Basi ndiyo hali niliyoingia nayo katika sebule ile ya Njiru, sahani zikiwa zimeoshwa, watu wamebanana kwenye makochi, wengine kwenye mkeka, na Mama Nduku, karibu miaka tisini sasa, amewekwa kwenye kiti cha mbele, katikati, bila mtu kuuliza. Kijana akasema ataanza na ile sehemu ya saba, tuone mambo kwa macho yetu. Muziki ukalia, na ukumbi wa Jericho ukarudi wote kifuani mwangu. Kisima kikatokea. Mama akatokea. Watu wakapiga yowe moja.

"Haiya! Shuka ni la kijani!"

Kijani kibichi, kijani cha sukuma wiki iliyomwagiwa maji! Miaka yote tulimwita wa kijivu, kumbe televisheni ya Mzee Mutiso ndiyo iliyokuwa ya kijivu. Watu walicheka mpaka mjane akaomba ashikwe. Nami kicheko kile kikanipa nguvu. Nikamwambia kijana asimamishe picha. Nikasimama, magoti yakilia, nikasema, "Ngojeni. Kabla hajafungua mdomo. Huyu mama hana mtoto. Sikuelewa alichosema, na nilikuwa nimefeli Kiingereza na naona aibu, nikabuni. Kyalo alisema kweli mbele ya baraza, na mimi nikadanganya, mkamcheka. Kyalo, nisamehe. Nimechelewa sana, lakini nisamehe."

Halafu Mama Nduku akaanza kutikisika, kicheko kile kile, kimepungua sauti tu. "Mwanangu, keti, utaanguka. Mimi nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Nimepika jikoni kwa wazungu miaka kumi na miwili. Unadhani walikuwa wananiagiza supu kwa Kikamba? Kila neno la mchezo ule nilisikia."

Hapo ndipo nilipokumbuka kicheko chake kilivyokuwa kinafika kabla ya mzaha, na jinsi nilivyokuwa namtazama uso ili nijue la kusema. Kyalo naye alikuwa amesimama kwa fimbo yake. "Mama! Na Mzee aliuliza nani anajua Kiingereza! Na wewe ukanyoosha mkono dhidi yangu, wa kwanza!"

"Nilinyoosha," akasema Mama Nduku, bila hata chembe ya haya. "Ulikuwa umesema kweli, mwanangu, na nilikuonea huruma, nikakupa mandazi makubwa, hukuona? Lakini Kiingereza chao nilikuwa nimekisikia nikashiba. Pale ukumbini nilikuja kumsikiliza huyu."

Kyalo akanigeukia. Nilingoja hasira yake, ilikuwa haki yake, na ningeipokea yote. Akakaa chini polepole. "Nimeutazama wote mara mbili tangu kijana aupate," akasema. "Mwisho wake unaeleweka vizuri sana." Akakuna kidevu. "Haunogi hata kidogo. Miaka arobaini nimelala nikiwaza kama ni askari au ni msichana wa ngoma, na mimi ndiye niliyesema hakuna mtoto! Simama hapo mbele. Kijana, endelea."

Mjane akanisogezea kigoda, nikapanda, mjukuu wa mtu akinishika kiuno. Mama wa shuka la kijani akafungua mdomo, na safari hii nikamsikia kila neno. Nikatafsiri kama mahakamani, neno kwa neno: kwamba yeye ndiye aliyelifunga lango lile wakati wa baridi, na ufunguo ni wake. Akamaliza. Nikanyamaza, kama inavyotakiwa.

Kyalo akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mbona umenyamaza, mkalimani? Na mtoto?"